Maarifa ya Jumla na Lugha ya Kuyaeleza: Mfano wa Mlima Kenya katika Nchi ya Meru na Embu

Utangulizi

Maarifa ya jumla hayana darasa wala mwalimu wake maalumu, ilhali takriban kila mtihani wa ushindani huyapima. Mtahiniwa huulizwa urefu wa mlima, chanzo cha mto, au sababu ya mvua kunyesha pahali fulani na kukosekana pengine. Aghalabu watahiniwa hujiandaa kwa kukariri orodha ndefu za majibu. Mbinu hiyo ina udhaifu mmoja mkubwa: swali likigeuzwa kidogo tu, jibu lililokaririwa halifai tena.

Makala haya yanauchukua Mlima Kenya, hasa miteremko yake ya mashariki na kusini mashariki katika kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu, kuwa mfano wa jinsi mambo yanayoulizwa mbalimbali yanavyoshikana kama pete za mnyororo. Aidha, yanaonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza mambo hayo, na kwamba baadhi ya maneno hayo yametoka mahali ambapo wengi hawatarajii, yaani baharini.

Mlima na Jina Lake

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika. Ulijengwa na milipuko iliyotokea takriban miaka milioni 3 iliyopita, na wanajiolojia wengi huamini kwamba hapo awali ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Mmomonyoko wa muda mrefu umeuondoa mdomo wa volkano na kuyaacha mawe magumu ya kiini chake yakiwa yamesimama wima. Mawe hayo ndiyo vilele vya Batian, chenye mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188. Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, ndicho kinachofikiwa na wapandaji wengi kwa kuwa hakihitaji kamba. Majina yote matatu yanatokana na viongozi wa kidini wa Wamaasai. Mtu wa kwanza anayejulikana kukifikia kilele cha Batian ni Mwingereza Halford Mackinder, mwaka 1899, pamoja na wenzake wawili.

Wameru huuita mlima huu Kirimara. Jina Kenya liliingia katika maandishi kupitia Johann Ludwig Krapf, aliyeuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849 na kulisikia jina lake kwa Wakamba. Baadaye jina la mlima likawa jina la nchi nzima. Wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu Krapf kwa sababu nyingine: ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Habari zake za kuwapo theluji karibu na ikweta zilikataliwa na baadhi ya wanajiografia wa Ulaya, ambao hawakuwa wamefika huku.

Barafu Karibu na Ikweta

Ubishi huo unazaa swali linalopendwa na watahini: kwa nini pawe na barafu pahali palipo chini ya kilomita 20 kutoka ikweta? Jibu limo katika mwinuko. Kwa wastani, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda. Tukichukua nyuzi 28 kuwa joto la ufuoni, mji wa Embu, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,350 hivi, utapata nyuzi 19. Kilele cha Batian kitashuka hadi takriban nyuzi 6 chini ya sifuri. Mwenye kuifahamu hesabu hii hahitaji kukariri jibu la kila mlima. Ataueleza Kilimanjaro na Ruwenzori kwa njia iyo hiyo.

Hapa pana tofauti ya maneno inayofaa kuzingatiwa. Theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, ni chembe laini zinazoanguka kutoka mawinguni. Barafu, neno lenye asili ya Kiajemi, ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Kinachofunika mabonde ya juu ya Mlima Kenya kwa miaka mingi ni barafu iliyotokana na theluji iliyorundikana na kushindiliwa. Mtahiniwa anayeyachanganya maneno haya mawili huwa ameyachanganya mambo mawili.

Barafu hiyo inatoweka. Mwishoni mwa karne ya 19 palihesabiwa barafu 18 mlimani. Nyingi kati ya hizo hazipo tena, na zilizosalia, zikijumlishwa zote, hazifikii nusu ya kilomita moja ya mraba. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote na iliyochunguzwa zaidi, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010. Aliyekariri idadi ya barafu kutoka kitabu cha zamani atajibu makosa, ilhali anayeelewa sababu atajua kwamba idadi hiyo haina budi kubadilika.

Pepo, Mvua na Mazao

Mabaharia wa pwani walizigawa pepo za Bahari ya Hindi katika makundi mawili: kaskazi, itokayo kaskazini mashariki, na kusi, itokayo kusini mashariki. Pepo hizo ndizo zilizosukuma majahazi, na ndizo ziletazo mvua Meru na Embu. Zinapokutana karibu na ikweta, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na mvuke wake ukawa matone. Ukanda wa makutano hayo hulifuata jua na kupita juu ya nchi hii mara mbili kwa mwaka. Ndiyo sababu ya kuwapo misimu miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Mlima nao huongeza kazi yake. Upepo utokao baharini hugonga miteremko ya Chuka na Embu, ukalazimika kupanda na kuuacha unyevu wake hapo. Ukishavuka hushuka upande wa pili ukiwa umekauka. Wanaoandika jiografia kwa Kiswahili hutafuta istilahi za pande hizo mbili, ilhali mabaharia wanazo tangu zamani: upande unaopigwa na upepo ni wa joshini, na ule uliokingwa ni wa demani. Kwa hiyo Chuka iko joshini na Timau iko demani. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini majani ya chai hustawi katika miinuko ya Chuka, na Timau, ingawa iko katika kaunti ya Meru na imeinuka sana, hulima ngano na shayiri.

Je, Mbeere na Tharaka? Sehemu hizo ziko upande wa joshini, lakini ni kavu na zina joto. Sababu ni kwamba ziko chini. Upepo huzipita kabla haujalazimika kupanda. Basi anayeshuka kutoka msituni hukuta chai, kisha kahawa, kisha mahindi na maharagwe, na mwishowe mtama, mawele, ndengu na mbaazi. Safari ya saa chache huonyesha hali za hewa ambazo kwingineko zingehitaji safari ya siku nyingi.

Msitu, Mito na Mabwawa

Dhana iliyoenea ni kwamba mito ya Mlima Kenya hutokana na barafu, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Dhana hii ina kosa. Eneo la barafu ni dogo mno kulisha mito kama Kathita, Mutonga, Thuchi na Rupingazi. Maji mengi ni ya mvua, ambayo hupokewa na msitu, udongo na vinamasi vya juu na kuachiliwa pole pole hata wakati wa kiangazi. Kwa hivyo hatari iliyo karibu zaidi ni kukatwa kwa msitu. Uchunguzi uliofanywa kutoka angani na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya mwaka 1999 ulifichua ukataji miti, uchomaji makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu huo, na msitu wa Imenti, karibu na mji wa Meru, ulikuwa umeharibiwa vibaya.

Madhara hayaishii mlimani. Mito iliyotajwa humwaga maji yake katika Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Kwenye mto huo yamejengwa mabwawa matano ya umeme yanayofuatana: Masinga (1981), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Kindaruma (1968) na Kiambere (1988). Maji yale yale huzungusha mitambo ya kituo kimoja baada ya kingine. Mteremko ukiachwa uchi, mvua huteremka na udongo, na udongo huo hujaa bwawani na kupunguza nafasi ya maji. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 uliposhusha maji ya mabwawa, Kenya ililazimika kugawa umeme kwa zamu.

Baada ya mabwawa, Tana hupita katika mashamba ya Wapokomo na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Maji yaliyoletwa mlimani na kusi huwa yamerudi yalikotoka.

Hitimisho

Mlima mmoja umejibu maswali ya volkano, joto, pepo, mazao, misitu na umeme, na kila jibu limetokana na lililotangulia. Hiyo ndiyo njia ifaayo ya kujiandaa: kuuliza "kwa nini" kabla ya "ngapi".

Jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Nchini Kenya jiografia na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, huku mwanafunzi akitakiwa kuandika insha ya mazingira kwa Kiswahili. Asiyekuwa na lugha ya kueleza sababu hukimbilia methali na maonyo kwamba miti isikatwe, bila kusema maji hutoka wapi wala huenda wapi. Walio vyuoni leo ndio watakaoifundisha insha hiyo kesho, huko Chuka, Maua, Siakago na kwingineko. Wakiweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini Timau ni kavu na Masinga inajaa udongo, mwanafunzi wao atajibu mtihani wake, na mzazi wake anayelima ukingoni mwa mto ataielewa insha ile atakaposomewa.