Kitufe cha redio kikae chini ya kidole gumba

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Lau wangalizijua barabara za udongo zinazopita kati ya mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, bila shaka wangaliongeza kwamba mkono mmoja hauendeshi pikipiki vilevile.

Jambo ninalotaka kulizungumzia leo huenda likaonekana dogo mno kustahili nafasi gazetini. Ni kitufe cha kubonyezea redio ya mawasiliano, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, na mahali kinapostahili kufungwa juu ya pikipiki. Nashikilia kwamba udogo wa kitu hiki ndio uliotufanya tukipuuze, na kukipuuza huku kunahatarisha viungo na maisha ya watu.

Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, chombo hiki kimeenea kila pembe ya nchi. Katika nyanda za majani chai kimekuwa kama miguu ya pili. Askari wa doria hukitumia kuzungukia mipaka ya shamba, na msimamizi hukipanda kutoka kundi moja la wachumaji hadi jingine. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa muda mrefu magunini hupata joto na kuharibika, na anayejua lori limekwama wapi anatakiwa kusema mara moja.

Mtu anaweza kuuliza, je, simu ya mkononi haitoshi? Haitoshi. Simu huunganisha mtu na mwenzake mmoja, ilhali redio husikiwa na kikosi kizima kwa mbonyezo mmoja. Isitoshe, yapo mabonde ambamo mtandao wa simu hupotea kabisa. Hata mawimbi ya redio huzuiwa na vilima, lakini mtambo wa kuyarusha upya ukiwekwa kileleni, bonde nalo husikia.

Tatizo ni kwamba redio ya namna hii hutaka kubonyezwa unaposema na kuachiliwa unaposikiliza. Redio yenyewe mara nyingi huning'inia kiunoni au kifuani mwa mwendeshaji. Mkono wa kulia una kazi ya mafuta na breki ya mbele, hauwezi kuondoka. Basi unaoondoka ni wa kushoto, na huo ndio unaoshika klachi. Mwendeshaji wa namna hiyo hawezi kubadilisha gia vyema, na usukani ameuachia mkono mmoja.

Hebu tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita takribani mita 11 kila sekunde. Ujumbe wa sekunde nne tu humchukua mwendeshaji mita 44 akiwa na mkono mmoja. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mvua ya mawe si mgeni. Katika udongo mwekundu ulioloa, wenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori na matrekta, mita 44 ni safari ndefu. Nimewaona vijana wakishuka mteremko wa aina hiyo, bega moja limeinuliwa na kidevu kimeinamia redio, nikabaki kumwomba Mungu awafikishe.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kitufe hufungwa upande wa kushoto wa usukani, karibu na swichi ya honi, mahali ambapo kidole gumba hukifikia huku vidole vingine vikiwa bado juu ya klachi. Kisikaribiane na honi kiasi cha kuchanganywa nayo gizani. Waya wake ufuate usukani hadi kwenye shingo ya pikipiki, uachwe ukiwa na ulegevu kidogo ili usivutike usukani unapokatwa kushoto au kulia, kisha uelekee kwenye redio iliyofungwa imara. Kinasa sauti na spika ndogo vikae ndani ya kofia ngumu. Maungio yote yakingwe maji. Aidha, redio ikitumia umeme wa pikipiki, lazima iwe na fyuzi. Na cheche za plagi zikikoroga sauti, itafutwe kofia ya plagi yenye kizuizi.

Kuna sharti moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Kitufe kiwe cha kurudi chenyewe mara kinapoachiliwa, kamwe kisiwe swichi ya kuwasha na kuzima kama ya taa. Redio za kikosi hutumia njia moja ya mawimbi. Kitufe cha mtu mmoja kikinasa kwa matope, redio yake huendelea kurusha mngurumo wa injini, na wengine wote huzibwa midomo. Mchumaji akiumwa na nyoka wakati huo, anayemwona hawezi kumwita mtu. Redio nyingi za kisasa zina mpangilio wa kukata usemi unaozidi muda uliowekwa. Mpangilio huo uwashwe, wala usiachwe kwa hiari ya kila mtu.

Wapo watakaosema kwamba hata mikono yote miwili ikiwa usukanini, akili bado huondoka barabarani pindi mtu anapozungumza. Wanasema kweli, nami siwapingi. Kitufe si ruhusa ya kupiga soga. Maneno ya njiani yawe machache: nimefika, nimekwama, njoo. Penye maelezo marefu, pikipiki isimamishwe kando kwanza. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yenyewe inamlazimu mtu huyu kujibu anapoitwa, si haki kumwita huku tukijua kwamba hatuna mahali salama pa yeye kubonyeza.

Hapa ndipo ninapowageukia waajiri. Wengi hununua redio, wakalipia leseni ya masafa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kama sheria inavyotaka, kisha wakashindwa kununua kitufe na waya. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kumtibu mtu mmoja aliyevunjika bega. Kitufe na kifungwe kabla askari hajakabidhiwa ufunguo, na kikaguliwe pamoja na breki na taa kila asubuhi.

Na nyinyi ndugu zangu wa bodaboda, mnaosokomeza simu kati ya sikio na kofia ngumu, msidhani mmesahaulika. Ninyi hamna mkuu wa doria anayewaamuru kujibu. Abiria aliye nyuma yenu amewakabidhi maisha yake, naye anastahili mikono yenu yote miwili. Simameni kando, pokeeni simu, kisha mwendelee na safari.