Je, Wajua? Urea Huanzia Juu ya Chuma

Naitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa, ila mahindi hayawezi kuila hivyo ilivyo. Atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuziachanisha ni kazi ngumu. Chuma huziweza. Molekuli ya naitrojeni ikitua juu ya chuma chenye joto la nyuzi 400 hivi, atomu za chuma huivuta, vifungo hulegea, kisha hukatika. Kila atomu ya naitrojeni hubaki imenata peke yake. Haidrojeni, ambayo haina ubishi, huijia moja, ya pili, ya tatu. Amonia hiyo, inaruka. Kwenye amonia hiyo ndiko inakotoka mbolea ya urea ya kukuzia.

Kiwanda cha kwanza cha kutengeneza amonia kwa njia hii kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Cha kuchekesha, mbolea iliuzwa kwa miongo mingi kabla ya mwanakemia Gerhard Ertl kuonyesha hasa kinachotokea pale juu ya chuma: kinachochelewesha kazi yote ni kule kukatika kwa naitrojeni. Nobel yake ya Kemia ilitangazwa 10 Oktoba 2007, siku aliyotimiza miaka 71. Tena chuma kilekile, kikikatwa kwa pembe nyingine, kasi yake ya kuvikata vifungo hivyo hubadilika kabisa.