Mwenye IBS Anaweza Kusafiri na Kula Hotelini: Yanayofaa Kujulikana Kabla ya Likizo

Msimu wa likizo unapokaribia, familia nyingi katika kaunti hufunga safari. Wapo wanaoelekea Pwani, wapo wanaorudi mashambani kwa wazazi, na wapo wanaoalikwa kwenye harusi na sherehe za mahari. Kwa siku kadhaa chakula si kile cha jikoni nyumbani. Ni cha hotelini, cha kibandani, cha stendi ya basi au cha sufuria kubwa ya sherehe.

Kwa wengi, hiyo ni sehemu ya raha ya likizo. Kwa mkaazi ambaye utumbo wake huchokozeka upesi, hali ambayo hospitalini huitwa IBS, ni chanzo cha wasiwasi. Wengine huacha kusafiri kabisa. Wengine hushinda na njaa kutwa nzima kwa kuogopa kutafuta choo wakiwa njiani. Hakuna haja ya kufika huko. IBS haina dawa ya kuimaliza mara moja, lakini inaweza kudhibitiwa, na kula nje ya nyumbani ni jambo linalowezekana kwa maandalizi kidogo.

IBS ni nini?

IBS ni hali ya muda mrefu inayohusu jinsi utumbo unavyofanya kazi. Vipimo vya kawaida havionyeshi kidonda wala uvimbe. Hata hivyo, misuli ya utumbo hujikaza kwa kasi au kwa uvivu kupita kiasi, na neva zake huhisi maumivu pale ambapo mtu mwingine asingehisi chochote.

Dalili zake ni maumivu ya tumbo yanayohusiana na kwenda choo, tumbo kujaa gesi, kuhara, kufunga choo, au kuhara na kufunga choo kwa zamu. Kwa kawaida, daktari hufikiria IBS iwapo maumivu yamekuwa yakitokea angalau siku 1 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, na dalili zilianza miezi 6 au zaidi iliyopita.

IBS haiambukizi, na haigeuki kuwa saratani. Kwa baadhi ya watu huanza baada ya kuugua ugonjwa wa kuhara uliosababishwa na viini. Hofu na mawazo mengi huizidisha, kwa sababu ubongo na utumbo huwasiliana kupitia neva. Hii haimaanishi kwamba mgonjwa anajifanya. Maumivu yake ni ya kweli.

Shida iliyopo ni kwamba kila maumivu ya tumbo huchukuliwa kuwa ni amiba au taifodi. Mtu hununua dawa dukani bila kupimwa, hupata nafuu siku mbili tatu, kisha hali humrudia. Dawa za kuua viini haziponyi IBS. Zikitumiwa ovyo, huvuruga bakteria wenye manufaa tumboni na kuchangia viini kuwa sugu. Kwa hivyo maandalizi ya kwanza ya safari ni kumwona mhudumu wa afya, kupimwa, na kujua kwa hakika tatizo ni lipi.

Kwa nini chakula cha hotelini huchokoza tumbo?

Baadhi ya vyakula vina aina za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Sukari hizo huvuta maji na kuendelea hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachua na kutoa gesi. Kwa mtu wa kawaida hakuna neno. Kwa mwenye IBS, gesi na maji hayo huleta maumivu, tumbo kufura na kuhara. Wataalamu huziita sukari hizo kwa jina la pamoja, FODMAP. Lishe ya kuzipunguza ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, nchini Australia, na sasa hutumika katika nchi nyingi.

Katika vyakula vya Kenya, FODMAP hupatikana kwa wingi katika kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharagwe na jamii yake, maziwa mabichi, maembe na tikiti maji. Vyakula vingi vya hotelini huanza kwa kukaanga kitunguu, na hapo ndipo shida huanzia. Kutoa vipande vya kitunguu kwenye mchuzi hakusaidii sana, kwa kuwa sukari yake huyeyuka majini na tayari imeingia kwenye supu. Sukari hiyo haiyeyuki katika mafuta. Kwa sababu hiyo, mafuta yaliyotiwa ladha ya kitunguu kisha yakachujwa huwa hayaleti shida kama mchuzi.

Sababu ya pili ni mafuta mengi na sahani kubwa. Tumbo linapojaa, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma kinyesi ili kupisha chakula kipya. Ishara hiyo huwa na nguvu zaidi mlo ukiwa mkubwa na wenye mafuta, na kwa mwenye IBS inaweza kumfanya ainuke mezani kwa haraka. Pilipili kali, kahawa na pombe pia huwachokoza wengi.

Kuchagua mezani

Si kila mwenye IBS hudhuriwa na vyakula vilevile. Njia bora ni kuweka daftari kwa wiki mbili kabla ya safari na kuandika alichokula, saa ngapi, na tumbo lilivyokuwa baadaye. Mwongozo ufuatao ni wa kuanzia.

Kifungua kinywa: Mayai, viazi vitamu kiasi, nduma na uji wa mahindi au wimbi huwafaa wengi. Mandazi, mahamri, chapati na mkate ni ngano, kwa hivyo kipande kimoja ni salama kuliko vitatu. Chai iliyopikwa kwa maziwa matupu inaweza kubadilishwa na chai ya rangi yenye tangawizi.

Chakula cha mchana na cha jioni: Ugali wa mahindi, wali mweupe na viazi vya kuchemsha ni msingi mzuri. Vinaendana na samaki, kuku au nyama isiyo na mchuzi mzito, pamoja na sukuma wiki, spinachi au karoti. Githeri, ndengu na maharagwe huleta gesi kwa wengi. Mukimo hutegemea kilichopondwa ndani yake. Wa viazi na majani ya malenge ni mwepesi kuliko uliotiwa njegere au maharagwe.

Nyama choma: Nyama iliyochomwa kwa chumvi pekee ni miongoni mwa chaguo rahisi zaidi. Kinachofaa kuepukwa ni vipande vya mafuta na kachumbari yenye kitunguu kibichi. Nyanya iliyokatwa na kukamuliwa ndimu inatosha.

Vyakula vya Pwani: Pilau na biriani hubeba kitunguu na saumu kwa wingi. Mbaazi za nazi, bajia na sambusa pia zinahitaji uangalifu. Samaki wa kuchoma na wali wa nazi kiasi huwa afadhali. Viungo kama bizari, mdalasini, iliki na tangawizi kwa kiasi cha kawaida cha upishi havina FODMAP nyingi, kwa hivyo mwenye IBS hahitaji kula chakula kisicho na ladha.

Matunda na vinywaji: Papai, nanasi, chungwa na ndizi ambayo haijaiva sana huwafaa wengi kuliko embe na tikiti maji. Maji ni bora kuliko soda, kwani gesi ya soda huongeza kufura. Peremende na chingamu zisizo na sukari mara nyingi hutiwa utamu wa sorbito, ambao huharisha.

Lishe kamili ya kupunguza FODMAP hufanywa kwa hatua na kwa muda maalumu, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja. Inahitaji usimamizi wa mtaalamu wa lishe. Likizo si wakati wa kuianza, wala haifai kufuatwa maisha yote bila ushauri, kwani mtu anaweza kukosa virutubisho.

Kuzungumza na mhudumu au mwenyeji

Wengi huona haya kueleza shida ya tumbo mbele ya watu. Si lazima mtu ataje ugonjwa wake. Maneno machache yanatosha: “Samahani dada, kitunguu na saumu hunisumbua. Naomba samaki achomwe kwa chumvi na ndimu tu, na mchuzi uwekwe kando.” Ombi lililo wazi namna hii ni rahisi kwa mpishi kulitekeleza kuliko kuuliza tu kama chakula ni kizuri kwa tumbo.

Inafaa kufika hotelini kabla ya msongamano wa saa saba mchana, wakati jikoni kuna nafasi ya kupika sahani ya peke yake. Kwa sherehe au kundi kubwa, simu ya siku moja kabla husaidia. Kukaa karibu na njia ya kuelekea chooni nako humwondolea mtu wasiwasi, na wasiwasi ukipungua, tumbo hutulia.

Nyumbani kwa mwenyeji, kukataa chakula kunaweza kuonekana kama dharau. Ni vyema kumwarifu mapema, hata kwa ujumbe wa simu, na kuomba kipande cha nyama kitolewe kabla ya kitunguu kutiwa. Mgeni anaweza pia kupakua mwenyewe, akachukua kidogo cha kila kitu na kula polepole. Mara nyingi kiasi ndicho huamua kama tumbo litasumbua au la.

Barabarani

Kushinda na njaa kisha kula sahani kubwa usiku huzidisha dalili. Milo midogo kwa saa za kawaida ni bora zaidi. Siku ya safari, inafaa kuamka mapema, kula kitu chepesi na kujipa muda wa kwenda choo bila haraka kabla ya kuondoka.

Mabasi mengi hayana vyoo. Anayesafiri kwa barabara anaweza kumuuliza kondakta mapema mahali gari litakaposimama. Kati ya Nairobi na Mombasa, kwa mfano, mabasi mengi husimama Mtito Andei, karibu nusu ya safari. Treni ya Madaraka Express ina vyoo ndani, jambo linalowapa utulivu wanaohofia safari ndefu. Begi dogo la mkononi liwe na maji, karatasi za chooni, sabuni au kitakasa mikono, nguo ya kubadilisha, sarafu za kulipia choo, na chakula ambacho mtu anakijua, kama vile mayai ya kuchemsha au viazi.

Anayefunga choo akisafiri anahitaji kunywa maji ya kutosha, kutembea kila gari linaposimama, na kutojizuia anapohisi haja.

Dawa na usafi wa chakula

Dawa alizoandikiwa mgonjwa ziwe ndani ya begi la mkononi, si kwenye buti la gari. Zipo dawa za kutuliza mkazo wa utumbo, za kulainisha choo, na za kupunguza kuhara kama loperamidi. Mfamasia au daktari aulizwe kipimo kabla ya safari. Loperamidi haifai kutumiwa iwapo kuna homa au damu kwenye choo.

Kuwa na IBS hakumkingi mtu dhidi ya kipindupindu, taifodi wala sumu ya chakula. Kila msafiri anapaswa kula chakula kilichoiva na kingali moto, kunywa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, kumenya matunda mwenyewe, na kunawa mikono kwa sabuni. Maambukizi ya tumbo yanaweza kuamsha dalili za IBS kwa wiki nyingi.

Dalili zisizo za IBS

Mtu aliyezoea kuumwa na tumbo anaweza kupuuza hatari kwa kudhani ni yaleyale. Anayeona mojawapo ya dalili hizi anapaswa kwenda kituo cha afya kilicho karibu, hata kama yuko likizoni:

• Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami.
• Kuhara majimaji mengi kwa ghafla, hasa kukiwa na kutapika. Aanze kunywa maji ya ORS mara moja, yakiwa yamechanganywa kulingana na maagizo ya pakiti, akielekea kituoni.
• Homa pamoja na maumivu ya tumbo.
• Kupungua uzito bila sababu, au upungufu wa damu.
• Kuamshwa usiku na maumivu au kuhara.
• Mabadiliko ya choo yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, au kwa mtu ambaye jamaa yake wa karibu amewahi kuugua saratani ya utumbo.

Mahali pa kuanzia

Mkaazi anayesumbuliwa na tumbo mara kwa mara anaweza kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu, ambako atachunguzwa na, ikihitajika, kupewa rufaa hadi hospitalini kumwona daktari au mtaalamu wa lishe. Mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini anaweza kumwelekeza. Inafaa kwenda na daftari la vyakula na orodha ya dawa zote alizowahi kutumia, zikiwemo zile alizonunua mwenyewe dukani. Afanye hivyo wiki kadhaa kabla ya safari, ili majibu ya vipimo yapatikane kabla ya siku ya kuondoka.