Habu ya Baiskeli Ikilika: Itengenezwe Mapema, na Kipuri Kinunuliwe kwa Kipimo

Kabla maduka ya Kariakoo hayajafunguliwa, baiskeli na maguta huwa yamekwisha kuingia barabarani. Mikate, maziwa, mboga na madumu ya maji hufika mitaani kwa miguu ya waendesha baiskeli. Kwa wakazi wengi wa Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, Jangwani na Ilala, baiskeli ndiyo mtaji wenyewe, na gurudumu likigoma, kipato cha siku hiyo hukatika. Hali huwa ngumu zaidi kwa ndugu zetu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu, kwa kuwa kwao chombo hicho ni miguu.

Miongoni mwa sehemu zinazoharibika kimyakimya ni kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi wetu hukiita habu. Pancha hujitangaza papo hapo, lakini habu hulika taratibu kwa miezi kadhaa, na mwenye baiskeli hushtuka siku ekseli inapokatika huku mzigo ukiwa juu. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua habu iliyolika, jinsi inavyotengenezwa, na namna ya kupata kipuri kinachoiafiki bila kupoteza fedha.

Jinsi habu inavyofanya kazi

Ekseli ya baiskeli haizunguki. Imefungwa kwa nati kwenye fremu au kwenye foku, na kinachozunguka ni ganda la habu pamoja na spoki, ringi na tairi. Kati ya ekseli na ganda hilo kuna gololi za chuma. Kila upande wa ganda una kikombe kinachobeba gololi, na koni iliyofungwa kwa hesi kwenye ekseli huzizuia zisitoke. Grisi ndiyo inayozifanya gololi ziteleze bila kusagana na chuma kingine.

Grisi ikikauka, ikiingia mchanga au ikioshwa na maji, vyuma huanza kusagana, na uso wa koni, ambao awali ni laini kama kioo, huota vijishimo. Gololi zinazopita juu ya vijishimo hivyo hupoteza umbo lake la mviringo, kisha huanza kukichimba kikombe.

Mazingira ya jiji letu huharakisha uharibifu huo. Hewa ya bahari ina chumvi inayoleta kutu. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hujaza maji katika bonde la Mto Msimbazi, na wengi huvuka eneo la Jangwani wakati maji yamefika usawa wa ekseli. Maji hayo hubeba tope na mchanga mwembamba unaopenya ndani ya habu. Baiskeli iliyovushwa katika maji ya namna hiyo haifai kusubiri hadi ilie. Ifunguliwe, isafishwe na kutiwa grisi mpya katika siku chache zinazofuata.

Dalili za habu iliyolika

Inua gurudumu kutoka ardhini, lishike kwa juu kwenye tairi, kisha lisukume kushoto na kulia. Likicheza ilhali nati za ekseli zimekazwa, koni zimelegea au zimelika. Lizungushe polepole huku mkono mwingine umeshika fremu. Ukisikia mkwaruzo au mtetemo mkononi, gololi au koni zimeharibika. Kwa gurudumu la mbele kuna jaribio jingine: liinue na uliache huru. Gurudumu lenye habu nzima hujizungusha lenyewe mpaka upande wenye uzito, aghalabu ule wa valvu, utulie chini. Likiganda popote ulipoliacha, koni zimebana kupita kiasi au grisi imekauka.

Ni vyema kutofautisha tatizo hili na lile la ringi iliyopinda. Ringi iliyopinda huyumba kwa kufuata mzunguko wake, na dawa yake ni kurekebisha spoki. Habu iliyolika hucheza hata gurudumu likiwa limesimama. Mteja anayelifahamu jambo hili hatalipia kazi isiyohitajika.

Kwa nini kuchelewa kuna gharama

Sehemu za habu hulika kwa utaratibu unaojulikana. Kwa kawaida hutangulia koni na gololi, na mwisho huharibika kikombe. Gololi, koni na ekseli huuzwa kimoja kimoja na kubadilishwa bila kugusa spoki. Kikombe, kwa upande wake, kimeshikamana na ganda. Kikishachimbika, mara nyingi hakuna budi kubadilisha habu nzima, na hapo fundi hulazimika kuzifungua spoki zote, kusuka gurudumu upya na kulinyoosha. Kazi ambayo ingekuwa ya gololi chache na kijiko cha grisi hugeuka kuwa ya nusu siku. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua za matengenezo

Fundi hulitoa gurudumu, hulegeza nati ya kufungia koni upande mmoja, kisha huitoa koni na ekseli. Kazi hii ifanyike juu ya kitambaa au sinia ili gololi zisipotee, na gololi za kila upande zihesabiwe. Katika baiskeli nyingi, habu ya nyuma huwa na gololi 9 kila upande, zenye kipenyo cha robo inchi. Habu ya mbele kwa kawaida huwa na gololi 10 kila upande, za inchi 3/16, ingawa baadhi hutumia za inchi 7/32. Tofauti ya vipimo hivyo ni ndogo kwa macho, lakini gololi isiyo ya kipimo chake huiharibu habu kwa muda mfupi.

Vifaa vyote husafishwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Koni ikaguliwe kwenye mwanga, na ncha ya kalamu ya wino ipitishwe juu ya mstari ambamo gololi hupita. Ikikwama, koni ibadilishwe. Ekseli nayo iviringishwe juu ya kioo au meza iliyonyooka, na ikirukaruka, imepinda. Ekseli iliyopinda haifai kugongwa kwa nyundo na kurudishwa, maana chuma kilichokwisha kupinda hukatika kirahisi.

Gololi zibadilishwe zote kwa pamoja, pande zote mbili. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya, ambazo ni kubwa kidogo, hubeba mzigo wote peke yake. Kikombe kitiwe grisi ya kutosha, gololi zipangwe, na ibaki nafasi ndogo. Kuongeza gololi moja ili kujaza nafasi hiyo ni kosa, kwa sababu gololi zinazosukumana haziviringiki.

Mwisho ni kurekebisha. Koni hukazwa kwa vidole hadi mchezo uishe huku ekseli ikizunguka bila kukwaruza, kisha nati hufungwa juu yake. Hapa huhitajika spana mbili: moja nyembamba ya kuishikilia koni, na nyingine ya kukaza nati. Bila spana ya koni, koni huzunguka pamoja na nati na kuvuruga kipimo chote.

Kipuri kinachoafikiana

Makosa mengi hutokea dukani. Mnunuzi hutaja jina la baiskeli yake, muuzaji humpatia kifaa, na nyumbani hubainika kwamba hakiingii. Jina la baiskeli halitoshi. Katika mitaa yetu zipo baiskeli za mtindo wa Raleigh, ambao viwanda vya India na China viliufuata, zipo za mitumba kutoka Japani, na zipo za gia. Kila kundi lina vipimo vyake. Kanuni iliyo salama ni kwenda dukani na kifaa cha zamani mkononi, kisha kulinganisha mambo yafuatayo:

1. Unene wa ekseli na hesi zake. Ekseli za vipimo vya inchi huwa na unene wa inchi 5/16 mbele na inchi 3/8 nyuma, na hesi 26 kwa kila inchi. Nyingine hufuata milimita: 9 mbele na 10 nyuma. Inchi 3/8 ni takriban milimita 9.5, hivyo nati ya milimita 10 huivaa ekseli hiyo, lakini hulegea na kung'oa hesi mzigo unapozidi. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi mwisho, bila kulazimishwa na bila kuyumba.

2. Umbo la koni. Koni mbili zinaweza kuwa na hesi sawa lakini mwinamo tofauti. Ziweke ubavu kwa ubavu na uangalie urefu wake na mahali gololi zinapokaa.

3. Idadi ya matundu ya spoki. Iwapo habu nzima inabadilishwa, matundu yake yalingane na ya ringi. Baiskeli za mtindo wa Raleigh kwa desturi zina matundu 32 mbele na 40 nyuma, ilhali nyingi za gia zina 36 au 32 kwa magurudumu yote mawili.

4. Upana wa habu. Pima nafasi iliyopo kati ya pande mbili za fremu. Baiskeli nyingi za gia zina milimita 135 nyuma, na zile zisizo na gia huwa nyembamba zaidi. Kuipanua fremu kwa nguvu ili habu iingie hudhoofisha maungio yake.

5. Breki. Baiskeli nyingi za Japani zina breki ya nyuma iliyofungwa upande wa kushoto wa habu kwa hesi maalumu. Ukiweka habu ya kawaida isiyo na hesi hizo, breki hiyo haitakuwa na pa kushika. Usikubali kuondoka kwa fundi ukiwa na breki moja tu.

Wamiliki wa maguta na wa baiskeli za watu wenye ulemavu wasisitize vipimo hivi zaidi, kwa sababu baadhi ya magurudumu yao yametengenezwa kwa mchanganyiko wa vipuri.

Wajibu wa mnunuzi na wa fundi

Dai risiti kwa kila kipuri unachonunua, na ukitunze kifaa cha zamani mpaka kipya kithibitike kufaa. Ukibaini kuwa umeuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya aina hiyo, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Mafundi wanaombwa wasimwage mafuta ya taa yaliyotumika wala grisi chafu katika mifereji ya mvua. Mifereji hiyo huelekeza maji yake katika Mto Msimbazi na baharini, na ikiziba, maji hurudi katika vibanda vyetu wenyewe. Mafuta hayo yakusanywe katika dumu lenye kifuniko.

Mafundi vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaohitaji zana bora, zikiwamo spana za koni na vipimo, wanaweza kuulizia utaratibu wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi ya kata yako.

Kwa leo, jambo la kwanza ni jepesi na halina gharama. Inua gurudumu la baiskeli yako, lisukume kushoto na kulia, na usikilize. Likicheza, mwone fundi wiki hii, wakati kinachohitajika bado ni gololi na grisi.