Kusoma Kiingereza si kukisikia: Namna ya kulizoeza sikio

MTU anaweza kujifunza Kiingereza kwa zaidi ya miaka kumi, akakisoma gazetini bila kamusi na kuandika barua ya maombi ya kazi isiyo na kosa, kisha akashindwa kuelewa dakika mbili za mazungumzo ya simu na mgeni kutoka London au Chicago. Maneno humpita kwa kasi, naye hubaki akiitikia "yes" kwa kila anachoambiwa, huku akiomba moyoni asiulizwe swali.

Hali hiyo imezoeleka mno miongoni mwa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, na wengi huichukulia kuwa ni uhaba wa msamiati. Dawa wanayoitafuta huwa ni kamusi kubwa zaidi au kitabu kingine cha sarufi. Ukweli ni kwamba mengi ya maneno yanayowapita tayari wanayajua. Wakionyeshwa yaleyale yakiwa yameandikwa, huyatambua mara moja.

Kinachokosekana ni mazoezi ya sikio. Na mazoezi yanayofaa zaidi kuanzia ni yale ya vifungu vifupi vya habari vinavyohusu maisha ya kila siku na desturi za watu: soko, usafiri, chakula, nyumba, harusi na ujirani.

Stadi iliyosahauliwa

Walimu wa lugha huhesabu stadi nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kwa mtoto anayejifunza lugha ya mama yake, kusikiliza ndiko hutangulia. Darasani, hata hivyo, stadi hiyo ndiyo hukumbukwa mwisho.

Sababu mojawapo ni mitihani. Nchini Tanzania, mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne hufanywa kwa kalamu na karatasi. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE imekuwa na sehemu ya stadi za mazungumzo, lakini maswali yake nayo hujibiwa kwa maandishi. Lisilotahiniwa, aghalabu halifundishwi.

Gharama ya pengo hilo huonekana mapema. Katika shule nyingi za msingi za Serikali nchini Tanzania, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza, humkuta mwalimu wa jiografia, fizikia au baiolojia akifundisha kwa Kiingereza. Asiyeweza kumfuata mwalimu kwa sikio hulazimika kungoja yanayoandikwa ubaoni, na yale yaliyoelezwa kwa mdomo, ambayo mara nyingi ndiyo kiini cha somo, humpotea.

Gharama hiyo hurudi tena ukubwani. Mtihani wa IELTS, ambao vyuo vikuu vingi vya Uingereza, Australia na Kanada huukubali kama kipimo cha Kiingereza, una sehemu ya kusikiliza yenye maswali 40, ambayo rekodi zake huchukua takriban dakika 30. Kila rekodi huchezwa mara moja tu. Kati ya sehemu zake nne, mbili za mwanzo hazihusu taaluma yoyote. Zinahusu mambo ya kawaida, kama vile mtu anayeuliza kuhusu chumba cha kupanga au maelezo kuhusu huduma za mji. Mtahiniwa aliyejiandaa kwa vitabu vya kitaaluma pekee anaweza kujikuta akikwama kwenye namba ya simu na jina la mtaa.

Kwa nini sikio hupotea

Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja hutamkwa namna ileile popote inapokaa. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ingawa kwa maandishi huwakilishwa na herufi chache. Ndiyo maana maneno "bad", "bud", "bird" na "bard", ambayo kwa Mwingereza ni manne tofauti kabisa, huweza kusikika kama neno moja kwa sikio lililolelewa kwa Kiswahili.

Jambo la pili ni mkazo. Katika Kiswahili, mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo msikilizaji hujua neno linaishia wapi. Mkazo wa Kiingereza huhamahama. Katika "photograph" uko silabi ya kwanza, katika "photographer" ya pili, na katika "photographic" ya tatu. Silabi zisizo na mkazo hufifizwa, na maneno madogo humezwa na majirani zake.

Mfano wenye madhara makubwa ni wa "can" na "can't". Katika sentensi ya kukubali, "can" hutamkwa kwa wepesi kiasi cha kutosikika vizuri, ilhali "can't" ya kukanusha hutamkwa kwa uzito. Mswahili asiyezoea hutazamia kinyume chake, yaani kila "can" itamkwe wazi, na akisikia silabi nzito huichukua kuwa ni ya kukubali. Mwongoza watalii anayefanya kosa hilo anaweza kuelewa kwamba mgeni ana uwezo wa kupanda mlima, kumbe ameambiwa hawezi.

Namba nazo zina mtego wake. Tofauti kati ya "fifteen" na "fifty" huonekana wazi kwenye karatasi. Sikioni, tofauti hiyo hutegemea zaidi mahali mkazo ulipo na urefu wa silabi ya mwisho. Kati ya 15 na 50 kuna pengo kubwa, iwe ni bei ya bidhaa, namba ya chumba au kipimo cha dawa.

Jambo la tatu ni miisho ya maneno. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na hata maneno ya kukopa huvalishwa irabu hizo: "stamp" ikawa stempu, "bank" ikawa benki. Sikio lililozoea utaratibu huo haliziwindi konsonanti za mwisho. Matokeo yake, "walk" na "walked" husikika sawa, na msikilizaji hupoteza habari muhimu ya iwapo jambo limekwisha kutendeka au la.

Maneno yanajulikana, maana imefichika

Ugumu hauishii kwenye sauti. Mtu anaweza kusikia kila neno na bado asielewe, kwa kuwa hajui desturi iliyo nyuma ya maneno hayo. Chukua sentensi hizi mbili, ambazo jirani huweza kumwambia mwenzake mahali popote Uingereza: "Could you pop round at half seven? I'll put the kettle on."

Hakuna neno gumu hapo, lakini ndani yake mna mafumbo matatu. "Pop round" ni kupita nyumbani kwa mtu kwa muda mfupi, bila makuu. "Half seven" kwa Mwingereza ni nusu saa baada ya saa saba ya hesabu yao, ambayo kwa Mswahili ni saa moja na nusu. Na anayesema kwamba atabandika birika hatoi taarifa ya kazi za jikoni, bali anamkaribisha mwenzake chai.

Suala la saa linastahili uangalifu wa pekee. Mswahili huanza kuhesabu saa kwa macheo na machweo, na kwa hiyo kila saa anayoisikia kwa Kiingereza humlazimu kufanya hesabu ya haraka kichwani. Wakati akihesabu, sentensi mbili zaidi huwa zimekwisha kupita. Mazoezi yakirudiwa, saa hizo hueleweka moja kwa moja bila kutafsiriwa.

Mifano mingine ni mingi. Kaskazini mwa Uingereza, "tea" huweza kumaanisha chakula cha jioni, si kinywaji tu. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, lakini kwa Mwingereza ni nguo ya ndani. "First floor" nchini Uingereza ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini, wakati nchini Marekani ni ile ya chini yenyewe. "Not bad" huweza kuwa sifa njema kabisa. Na "How are you?" hutarajiwa kujibiwa kwa neno moja au mawili, tofauti na salamu za Waswahili ambazo hupitia habari za nyumbani, watoto na kazi.

Utata mwingine uko katika majibu. Mswahili akiulizwa, "Hujala?" anaweza kujibu, "Ndiyo, sijala." Mwingereza katika hali hiyo husema "No", kwa maana hiyohiyo ya kwamba hajala. Vilevile, mtu akiulizwa "Would you mind opening the window?" na akajibu "Yes" kwa nia njema ya kukubali, kwa maneno yake amekataa kufungua dirisha.

Mambo ya namna hii hayapatikani kwa urahisi katika orodha za msamiati. Hupatikana katika habari za watu wakinunua mkate, wakisubiri basi, wakialikana na wakisikitikiana. Aidha, habari hizo zina faida nyingine: msikilizaji tayari anajua jinsi soko, safari au karamu inavyokwenda. Ujuzi huo humsaidia kukisia neno lililompita, badala ya kusimama na kulililia huku mengine yakienda.

Hatua za mazoezi

Kifungu cha kuanzia kiwe kifupi, cha dakika moja hadi tatu, na kiwe na maandishi yake. Maandishi hayo yafichwe kwanza.

Mara ya kwanza, msikilizaji asikilize hadi mwisho bila kusimamisha, akitafuta majibu ya maswali matatu tu: ni nani wanaozungumza, wako wapi, na kumetokea nini. Asihangaike na neno moja moja.

Mara ya pili, atafute mambo mahususi, kama vile saa, bei, majina na sababu. Mara ya tatu, achague sentensi nne au tano na kuziandika kama imla, akisimamisha na kurudia kadiri anavyohitaji. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa maana kalamu hufichua kila mahali ambapo sikio limedanganya.

Kisha afungue maandishi na kulinganisha. Makosa yagawanywe katika mafungu matatu: maneno ambayo hakuyajua kabisa, maneno anayoyajua lakini hakuyatambua yaliposemwa, na maneno aliyoyasikia vizuri bila kuelewa desturi iliyo nyuma yake. Fungu la kwanza dawa yake ni kamusi. La pili dawa yake ni kusikiliza tena sehemu ileile huku akiitamka kwa sauti, akiiga mkazo wa msemaji, kwa kuwa sauti ambayo mdomo umeizoea ni rahisi zaidi kwa sikio kuinasa. La tatu huhitaji kuuliza au kusoma zaidi kuhusu maisha ya wenye lugha.

Mwisho, asikilize kifungu chote tena bila maandishi, na akirudie baada ya siku mbili au tatu. Robo saa kila siku hujenga sikio kuliko saa tatu za Jumamosi moja.

Vifungu vya kutumia si haba. BBC ilianza kutangaza mafunzo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Amerika nayo ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi Oktoba 19, 1959, yakitumia msamiati wa maneno yapatayo 1,500 na kusomwa kwa mwendo wa taratibu kuliko habari za kawaida. Zama hizo, kipindi kikishapita kilikuwa kimekwenda. Siku hizi rekodi hukaa kwenye simu ya mkononi na kurudiwa mara 20 bila mwalimu kuchoka.

Hata shule isiyo na vifaa haina kisingizio. Mwalimu anaweza kusoma kifungu kifupi kwa mwendo wa kawaida mara mbili, wanafunzi wakiandika maneno machache tu wanayoyanasa, kisha wakakaa vikundi na kukijenga upya kwa maneno yao. Zoezi hilo halihitaji umeme wala kaseti.

Ya kuepuka

Wengi huamini kwamba filamu pekee zinatosha. Filamu zenye sauti ya mfasiri wa Kiswahili, zinazopendwa katika vibanda vya video, huburudisha, lakini hulipumzisha sikio. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha nayo hufanya macho yachukue kazi ya masikio. Yakiwa ya Kiingereza ni afadhali, mradi sehemu fulani irudiwe baadaye bila maandishi hayo.

Kosa jingine ni kubaki na rekodi za taratibu daima. Hizo ni za mwanzo tu, na baada ya muda sikio lihamishiwe kwenye mwendo wa kawaida. Vilevile, kuzoea lafudhi moja hakutoshi. Mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana uwezekano wa kukutana na Kiingereza cha Mnijeria au Mhindi sawasawa na cha Mwingereza, na zote hizo ni lafudhi za watu wenye kuendesha biashara, hospitali na vyuo.

La muhimu zaidi ni kuacha tabia ya kuitikia "yes" kwa kuficha aibu. Kumwomba msemaji arudie, au kumrudishia alichosema ili athibitishe, si dalili ya ujinga. Wenye lugha yao hufanya hivyo kila siku kwenye simu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na katika lugha ya kigeni anayeuliza leo ndiye atakayesikia vema kesho.