Kiwanda Kinapofunguliwa Tena, Nani Amsemee Mfanyakazi?

Tarehe 4 Mei 2020 wakazi wa Kinyinya, wilayani Gasabo katika jiji la Kigali, waliruhusiwa kutoka majumbani mwao baada ya kukaa ndani kwa majuma sita. Serikali ya Rwanda ilikuwa imesimamisha shughuli zote zisizo za lazima tangu tarehe 21 Machi, juma moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kugunduliwa nchini. Sasa Baraza la Mawaziri lilikuwa limeamua kwamba viwanda na kazi za ujenzi vifunguliwe, ila kwa wafanyakazi walio wa lazima tu. Kwamba masoko yasizidishe nusu ya wachuuzi wake. Na kwamba ifikapo saa mbili ya usiku kila mtu awe amekwisha kuingia nyumbani.

Habari hiyo ilipokewa kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Ilikuwa furaha kwa sababu akiba ya unga na maharage ilikuwa imekwisha katika nyumba nyingi, na mwenye nyumba ya kupanga hakuacha kudai kodi yake. Ilikuwa hofu kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa bado upo, wala chanjo haikuwapo. Pikipiki za abiria, ambazo ndizo miguu ya watu wa Kigali, zilikuwa bado zimekatazwa kubeba watu hadi mwanzoni mwa Juni, na mabasi yalichukua nusu ya abiria. Aliyeitwa kazini alikwenda. Lakini rohoni alikuwa na swali moja. Ni nani aliyehakikisha kwamba mahali pale anapokwenda ni salama, na akiona pana hatari, amwambie nani?

Swali hilo halikuwa la Kigali peke yake. Katika mwaka ule liliulizwa mbele ya malango ya viwanda duniani kote, na hasa viwanda vya magari. Majibu yaliyopatikana yanafaa kutazamwa kwa makini, maana yanahusu kila familia yenye mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa.

KIWANDA CHA MASORO

Kwa wasikilizaji wa redio wa zamani, jina la Kinyinya liliambatana na Ujerumani. Hapo ndipo ilipokuwa mitambo ya Deutsche Welle, iliyorusha matangazo ya sauti hiyo tangu mwaka 1965 hadi ilipofungwa mwaka 2015. Lakini kabla minara haijasahaulika, jambo jingine la Kijerumani likafika upande huo huo wa jiji. Tarehe 27 Juni 2018 Rais Paul Kagame alifungua kiwanda cha kuunganisha magari ya Volkswagen huko Masoro, katika Eneo Maalumu la Uchumi la Kigali, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Gasabo. Ilitangazwa kwamba mtaji wake ni dola za Marekani milioni 20, na kwamba kina uwezo wa kuunganisha magari 5,000 kwa mwaka.

Inafaa ieleweke kazi ya kuunganisha magari ni kazi ya namna gani. Sehemu za gari hufika zikiwa zimefungwa katika makasha kutoka ng'ambo, kisha mafundi huzifunga moja baada ya nyingine hadi gari litembee. Fundi mmoja huwa ndani ya bodi akikaza kiti, mwenziwe huwa mlangoni akipitisha nyaya, wa tatu huinama mbele kwenye injini. Spana moja hupita katika mikono ya watu wengi kwa zamu moja. Kwa hiyo, ile amri ya kukaa mbali kwa mita moja, ambayo ni rahisi kuitii kanisani au msikitini, ni ngumu sana kuitii katika kazi ya namna hii. Kukifungua kiwanda kama hicho wakati wa maradhi ya kuambukiza si kufungua lango tu. Ni kuipanga kazi yote upya: zamu, chakula, vyoo, vyombo na usafiri.

Na ajuaye ni wapi watu wanabanana si meneja aliye ofisini. Ni yule anayebanana.

WENZETU WALIFANYAJE?

Huko Wolfsburg nchini Ujerumani, kwenye makao makuu ya Volkswagen, kazi ilianza tena tarehe 27 Aprili 2020. Kwanza uongozi wa shirika na baraza la wafanyakazi walikaa pamoja wakakubaliana mpango wa hatua 100 za kulinda afya. Mfanyakazi alitakiwa kujipima joto nyumbani kabla ya kutoka. Zamu zilitenganishwa ili wanaotoka wasikutane na wanaoingia. Palipokuwa hapana nafasi ya kutosha, barakoa ililazimishwa. Tena hawakuanza kwa pupa. Katika juma la kwanza walitumia asilimia 10 hadi 15 tu ya uwezo wa kiwanda, ndipo wakaongeza.

Nchini Marekani mambo yalikuwa na mvutano zaidi. Mwezi Machi makampuni makubwa matatu ya Detroit, yaani General Motors, Ford na Fiat Chrysler, yalikubali kufunga baada ya kusukumwa na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, na mafundi wenyewe ambao katika baadhi ya viwanda walikataa kuendelea. Makampuni yalipotaka kufungua mapema, chama kilisema bado. Hatimaye malango yalifunguliwa tarehe 18 Mei, baada ya kukubaliana juu ya barakoa, kupimwa joto na maswali ya afya mlangoni. Hata hivyo, siku chache baadaye Ford ililazimika kusimamisha kazi kwa muda katika viwanda vyake vya Chicago na Dearborn, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wameonekana. Kusimama huko hakukuwa aibu. Kulikuwa ni ushahidi kwamba makubaliano yaliyoandikwa yalikuwa yakifuatwa.

Mfano wa tatu ni wa Volkswagen hiyo hiyo, lakini katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee. Wafanyakazi wa huko walipiga kura mwaka 2014 wakakataa chama kwa kura 712 dhidi ya 626. Walipiga tena mwaka 2019, wakakataa kwa 833 dhidi ya 776. Kwa hiyo korona ilipoingia mwaka 2020, wenzao wa Wolfsburg walikuwa na watu wa kuwasemea mezani, ilhali wao walingoja kuambiwa. Mwezi Aprili 2024 walipiga kura kwa mara ya tatu. Safari hii 2,628 walikubali chama na 985 walikataa. Yako mengi yaliyowageuza, mishahara ikiwa mojawapo. Lakini yumkini miaka ile ya maradhi iliwafundisha wengi kwamba si vema kuikabili hatari kila mtu peke yake.

MBONA WATU HUSITASITA?

Hapa kwetu Afrika Mashariki wako wengi wanaoogopa hata kulitaja neno "chama cha wafanyakazi". Sababu zao si za kudharauliwa.

Kwanza, kazi ya mshahara ni adimu, na aliyeipata huona kwamba kusema sana ni kujitafutia kufukuzwa. Pili, wako wanaoamini kwamba chama ni mgomo, na mgomo ni uasi. Tatu, iko historia. Nchini Rwanda, shirikisho la vyama vya wafanyakazi liitwalo CESTRAR liliundwa mwaka 1985, wakati wa utawala wa chama kimoja cha siasa, na lilikuwa chini ya chama hicho hadi lilipojitenga mwaka 1991. Mzee aliyefanya kazi siku zile aweza kukumbuka makato kuliko utetezi. Nne, viongozi wa vyama nao ni binadamu. Katika mwaka ule ule wa 2020, marais wawili wa zamani wa UAW, Gary Jones na Dennis Williams, walikiri mahakamani kosa la kula fedha za wanachama, na wote wawili wakafungwa.

Lakini hoja hizi hazivunji msingi. Mweka hazina akiiba, hufungwa mweka hazina, haufungwi ushirika. Na kuhusu uasi, sheria ya nchi iko wazi. Rwanda iliridhia mwaka 1988 Mikataba Namba 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, inayolinda haki ya kujiunga na vyama na haki ya kujadiliana. Sheria ya Kazi Namba 66 ya mwaka 2018 inatambua vyama hivyo pamoja na wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi. Hata mgomo umewekewa njia yake: hauanzi mpaka usuluhishi uwe umekwisha kujaribiwa. Anayefuata njia hiyo hamwasi mtu; anaitii sheria.

Majirani nao wanacho cha kutufundisha. Nchini Kenya mafundi wa viwanda vya kuunganisha magari wana chama cha wafanyakazi wa vyuma. Bibi Rose Omamo, aliyeanza kazi kama fundi katika kiwanda cha magari mjini Mombasa, kazi ambayo wanawake walikuwa wachache mno, alipanda hatua kwa hatua hata akawa Katibu Mkuu wa chama hicho. Hakuitwa mwasi, aliitwa mezani.

NIDHAMU YA KAMBI NA NIDHAMU YA KIWANDA

Askari wa jeshi na wa polisi hawamo katika vyama vya wafanyakazi. Hata Mkataba Namba 87 wa mwaka 1948 unaiachia kila nchi iamue kuhusu majeshi na polisi wake. Sababu yajulikana: amri ya vitani haingojei kikao. Usiku ule wa amri ya kutotoka nje, askari aliyesimama barabarani akiulinda utaratibu hakuwa na nafasi ya kujadili zamu yake.

Lakini mke wa askari huyo aliye kiwandani, au mwanawe aliye fundi, hayuko vitani. Yeye ameingia mkataba: anauza nguvu na ujuzi wake kwa masharti yaliyoandikwa. Si haki kumpima kwa kipimo cha kambi, wala kumwambia "nyamaza utii" anapouliza kwa nini wanakaa watu sita katika benchi la watu watatu.

Tena askari wa Rwanda wenyewe wanaijua vizuri nguvu ya kuunganisha mikono. Zigama CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa akiba na mikopo ya wanajeshi na baadaye ikawachukua polisi, ilijengwa kwa makato madogo ya kila mwezi. Haba na haba ikajaza kibaba. Familia iliyojenga nyumba kwa mkopo wa Zigama haihitaji mhadhara juu ya umoja. Inahitaji tu kukumbuka kwamba mfanyakazi wa kiwandani naye anautafuta umoja huo kwa njia aliyoruhusiwa.

YAFAAYO KUJULIKANA NYUMBANI

Mambo haya yafaa yazungumzwe na mume na mke kabla ya shida kufika:

1. Mkataba wa kazi utunzwe nyumbani pamoja na vyeti vingine. Usomwe na wote wawili.

2. Kazi ikisimama kwa sababu za kiuchumi au za kiufundi, sheria ya Rwanda inamruhusu mwajiri kuusimamisha mkataba, lakini si zaidi ya siku 90. Siku hizo zihesabiwe tangu siku ya barua.

3. Makato ya uzeeni yakaguliwe katika RSSB. Tangu Januari 2025 mchango huo ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Hiyo ni mali ya familia. Anayepita Gacuriro, humo humo Kinyinya, akaziona zile nyumba 504 za awamu ya kwanza ya Vision City, ajue kwamba zilijengwa kwa fedha za mfuko huo wa akiba ya wafanyakazi.

4. Penye malalamiko, njia ni hii: kwanza mwakilishi wa wafanyakazi ajaribu kupatanisha, ikishindikana, mkaguzi wa kazi wa wilaya, ndipo mahakama. Kuruka ngazi ni kujikwaa.

5. Penye maradhi ya kuambukiza, nguo za kazi zivuliwe mlangoni na zifuliwe kwa sabuni peke yake, mikono inawiwe kabla ya kumshika mtoto, na anayeugua asifichwe kwa kuogopa kukosa ujira. Kiongozi bora wa wafanyakazi ni yule anayehakikisha kwamba mgonjwa aliyebaki nyumbani hapotezi kazi yake. Maana bila hakika hiyo, mgonjwa atakwenda kazini, na kiwanda kizima kitaugua.

Jambo hili la tano ndilo kiini cha somo la mwaka 2020. Mwajiri anayemziba mdomo mfanyakazi wake hujinyima mlinzi. Kila kikohozi kinachofichwa kwa hofu hurudi kama kiwanda kilichofungwa, magari yasiyokwisha na deni la benki. Mfanyakazi naye anayedai haki bila kutimiza zamu yake huvunja nguvu ya wenzake. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika kiwanda kilicho salama hakuna haja ya kumnyonga mtu, kwa kuwa haki imekwisha kuandikwa, imesomwa na pande zote mbili, na yuko mtu aliyechaguliwa wa kuikumbusha.

Maradhi mengine yatakuja; hivyo ndivyo ilivyo dunia. Siku hiyo serikali itafunga na serikali itafungua, maana hiyo ni kazi yake. Lakini namna ya kuingia ndani ya lango, nani asimame wapi, na nani apumzike bila kuadhibiwa, hayo yapangwe mapema na watu wawili walioketi upande huu na upande ule wa meza moja.