Hewa ya Handaki na Hewa ya Angani

Aprili 1981, chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa kikirejea duniani kutoka safari yake ya kwanza, John Young na Robert Crippen wakiwa ndani, bamba moja lilishuka kuliko ilivyotarajiwa. Bamba hilo lilikuwa nyuma kabisa, chini ya injini, na kazi yake ilikuwa kuzuia pua ya chombo isiinuke mno. Hesabu za wahandisi zilisema nyuzi 7 au 8 zingetosha. Kwenye kasi kubwa kabisa zilihitajika kama 16, na mwisho wa bamba lenyewe ulikuwa 22.5. Chombo kilitua salama, lakini akiba iliyobaki ilikuwa ndogo mno kwa kitu kilichobeba watu.

Wahandisi hawakuwa wazembe. Umbo la Columbia lilipimwa kwa maelfu ya saa katika mahandaki ya upepo, ambamo mfano mdogo hufungwa mahali pamoja, hewa ikapulizwa kuuzunguka. Shida ilikuwa hewa yenyewe. Handaki la kawaida la vipimo hivi hufikia mara 8 hivi ya kasi ya sauti, na hewa yake hupashwa moto kiasi tu cha kuizuia isigeuke kimiminika inapopanuka. Columbia iliingia kwenye angahewa kwa zaidi ya mara 20. Kwa kasi hiyo hewa iliyo mbele ya chombo hugandamizwa na kufikia maelfu ya nyuzi za joto, hadi molekuli za oksijeni, kisha za naitrojeni, zikaanza kuvunjika. Nishati ambayo ingepandisha joto huishia katika kuzivunja. Wimbi la mshtuko husogea karibu zaidi na tumbo la chombo, shinikizo la upande wa nyuma hupungua kidogo, na pua huinuka. Ndani ya handaki lile la baridi molekuli zilibaki nzima.

Mwaka 1984 J. R. Maus na wenzake walichapisha mahesabu ya kompyuta yaliyoingiza kemia hiyo, na sehemu kubwa ya tofauti ikapata maelezo. Watetezi wa kompyuta wana haki ya kulitaja jambo hili. Tangu 1975 Dean Chapman wa NASA na wenzake walitabiri kwamba kompyuta ingechukua nafasi ya handaki. Lakini mimi sioni ushindi hapo. Maus alijua la kutafuta kwa sababu chombo kilikuwa kimekwisha kuruka.

Isitoshe, kuna swali ambalo kompyuta bado inahangaika nalo. Tabaka jembamba la hewa linalogusa ngozi ya chombo huteleza kwa utulivu, kisha mahali fulani huvurugika, na kuanzia hapo joto linaloingia kwenye ngozi huongezeka mara kadhaa. Unene wa kinga ya joto hutegemea mahali hapo. Kuhesabu kila kizunguzungu cha hewa kwa chombo kizima kunazishinda hata kompyuta kubwa, kwa hiyo hutumika kanuni za makadirio, nazo chimbuko lake ni vipimo. Handaki nalo hupotosha: kelele za kuta zake huvuruga tabaka hilo mapema kuliko angani. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kina handaki tulivu la mara 6 ya kasi ya sauti, ambalo bomba lake limesuguliwa hadi kung'aa kama kioo. Vipimo vyake huwaonyesha waandishi wa programu ni wapi hasa hesabu zao zinakosea.